Namna ya Kuinyamazisha Kompaila Bila Kurekebisha Kitu

Hongera, ndugu yangu. Umeandika draiva ya kipima-kina kwa ajili ya boti za uvuvi za Kibirizi, hapa Kigoma, na umeiandika ndani ya keneli ya Linux, kwa lugha ya C. Programu ya kawaida ingetosha kabisa, lakini nani angeisimulia kijiweni Mwanga? Sasa kompaila inakumwagia maonyo kuhusu pointa, na mzee mwenye boti anataka kifaa chake kabla siku za giza, zisizo na mwezi, hazijaanza, maana wakati wa mbalamwezi dagaa hawavuliki vizuri. Tulia. Fuata hatua hizi.

1. Zima sauti. Fungua Makefile, andika `ccflags-y += -w`, hifadhi. Maonyo yote yametoweka, na anayepita nyuma yako ataona skrini safi kama ya mtaalamu. Ila usithubutu kuandika `make W=3`. Hapo ndipo Linux huwasha onyo la kujumlisha kwenye pointa za `void`. Siku nyingine zote hulifumbia macho, kwa kuwa kompaila ya GCC huihesabu `void` kama baiti moja ingawa kanuni za C haziruhusu. Wakubwa wenyewe wanakwepa, wewe ni nani?

2. Kama `-w` inakutia aibu, tumia kasti, yaani ilazimishe pointa ikubali aina unayoitaka. Hapa ndipo penye ufundi, sogea karibu. Kipima-kina chako kinatuma kichwa cha baiti 4, halafu kina chenyewe. Wewe umetangaza `int *p` na kuielekeza kwenye bafa ya baiti. Kompaila ikasema aina hazilingani. Tangu GCC 14 ya mwaka 2024 hata haliitwi onyo tena, linaitwa kosa. Weka `(int *)` mbele ya bafa, kimya. Kisha soma `*(p + 4)`, kwa sababu kichwa ni baiti 4, au sivyo?

Sivyo. Pointa hutembea kama treni ya Reli ya Kati: ukiiambia mbele nne, inakupeleka stesheni nne, si kilometa nne. `int` moja ni baiti 4, kwa hiyo umeruka 16 na unasoma takataka. Boti imefungwa Kibirizi, maji ya magotini, na kioo kinaonyesha mita 3,000, wakati Ziwa Tanganyika lote halizidi mita 1,470 kwenda chini. Usihangaike. Gawanya kwa namba yoyote mpaka jibu lipendeze.

3. Likija onyo kwamba pointa inageuzwa kuwa namba ya ukubwa tofauti, andika `(int)(long)p`. Kwenye mashine ya biti 64 anwani ni baiti 8 na `int` ni 4, hivyo kompaila inaridhika na nusu ya anwani inabaki njiani. Programu ya kawaida ikikosea anwani hufa peke yake. Keneli ikikosea inaweza kuangusha mashine nzima, katikati ya ziwa, saa nane usiku. Ndiyo maana nasema keneli ina heshima yake.

4. Mwenzako mwenye roho ngumu akiwasha WERROR, swichi inayogeuza kila onyo kuwa kosa, izime kwenye menuconfig. Septemba 2021 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux mwenyewe, aliiwasha na kuamua keneli ikatae kujengwa ikiwa na onyo hata moja. Zikapigwa kelele, na baada ya siku chache akailegeza. Ukiulizwa, sema unafuata nyayo zake.

5. Tumia pointa kwanza, uliza baadaye kama ni tupu (`NULL`). Draiva ya mtandao iitwayo tun katika Linux 2.6.30 ilifanya hivyo mwaka 2009. GCC ikajisemea: kama imeshatumika, basi haiwezi kuwa tupu; ikaufuta ukaguzi mzima bila kumwambia mtu. Wadukuzi wakapitia hapo hapo. Tangu hapo keneli hujengwa kwa `-fno-delete-null-pointer-checks`. Kosa lenye swichi yake si kosa dogo, nalo litakupa jina.

6. Kabla ya kuzamisha, paka grisi. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen hapa Kigoma, lakini mitambo waliipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Nawe hifadhi toleo la jana kwenye git, ili atakayekuja kuibua asikutukane sana.

Lipo pia suluhisho la wasio na haraka. Tembea kwenye bafa kwa `u8 *`, ambayo kweli husogea baiti moja moja. Anwani ihifadhi kwenye `unsigned long`. Na kagua pointa kabla ya kuigusa. Ni mistari mitatu, haina hila hata moja, na kwa hiyo siwezi kukutoza kitu kwa kukuelekeza.