Zuri, Ila Usimwambie Mtu

Bosi akitangaza kikaoni kwamba anataka mawazo mapya, mfanyakazi aliyekula chumvi nyingi huitikia "sawa mkuu," akarudi mezani kwake kunyamaza. Steven Sasson alikuwa bado kijana. Mwaka 1975, katika maabara ya Kodak huko Rochester, Marekani, aliunda kamera isiyotumia filamu: dude la kilo 3.6 hivi, lililochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja, tena isiyo na rangi, kwenye kanda ya kaseti. Akawapelekea wakubwa.

Wakubwa hawakumfukuza, hapana, walikuwa waungwana. Walishangaa tu ni nani atakayetaka kutazama picha zake kwenye televisheni, maana ndiko zilikoonyeshwa, wakamshauri asilitangaze. Na tusiwaonee: filamu ndiyo iliyowalipa mishahara, na hakuna akataye tawi alilolikalia, hasa likiwa na viyoyozi. Mwaka 1978 walipata hataza ya uvumbuzi huo, wakaendelea kuuza filamu.

Januari 2012, Kodak ikaiomba mahakama iikinge na wadai wake. Nadhani siku hiyo ndipo ulipoanza msako wa ufunguo wa sanduku la maoni.