Kilo 98 na Sufuria Moja

Mtu akiambiwa kliniki apunguze uzito, huambiwa yeye peke yake. Lakini chakula hapiki peke yake, hali peke yake, na mara nyingi hata kujipakulia hajipakulii. Kwetu Temeke tuko saba: mimi na mume wangu, watoto watatu, shemeji yangu na binti anayetusaidia kazi. Sufuria ni moja, sinia ni moja, kidumu cha mafuta ni kimoja. Mume wangu alipoleta karatasi ya kliniki, ilituhusu sote, ila yeye aliikunja akaitia mfukoni kama siri yake.

Karatasi ilisema: kilo 98, urefu mita 1.72, presha 150 kwa 95. Ukichukua kilo ukazigawanya kwa urefu uliozidishwa kwa urefu huohuo, unapata 33, na kuanzia 30 huo si mwili mkubwa tu tena, ni unene unaohesabiwa kuwa ugonjwa. Muuguzi alimpa dawa ya presha, akamwambia aanze na lengo dogo: asilimia 5 ya uzito wake, yaani kilo tano hivi. Hata hizo chache hushusha presha na kuusaidia mwili kuimudu sukari. Lilikuwa neno la busara.

Mume wangu ana duka la vipuri Kariakoo. Kutwa yuko kwenye kiti, na akiamua jambo anataka liishe siku hiyohiyo. Alisikia dona ni nzuri kuliko sembe, basi akapitia soko la Tandika akarudi na gunia zima juu ya bajaji. Akatangaza mlangoni kwamba sembe haiingii tena nyumba hii. Gunia likakaa stoo, nasi tukaanza kupika.

Dona husagwa pamoja na pumba na kiini cha mahindi. Hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu nyuzinyuzi hushibisha mapema na virutubisho havijatupwa. Lakini kiini kina mafuta, na mafuta hayo huharibika upesi katika joto kama la Dar es Salaam. Hatujafika hata nusu, unga ukaanza harufu kali, ugali ukawa mchungu, na vidudu vikatoka stoo vikapanda hadi kwenye kabati la vikombe. Binti alitoa vyombo vyote nje kuviosha. Watoto wakaapa hawataki dona maisha yao yote. Gunia likaishia kwa kuku wa jirani. Dona hununuliwa kidogo kidogo, ya kutosha siku chache. Na kalori zake ni karibu sawa na za sembe, kwa hiyo mlima wa ugali ukibaki mlima, kitambi nacho hubaki.

Vita vya pili vilikuwa vya mafuta. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi, na lita moja hupita 8,000. Binti wetu wa kazi anapika vizuri sana, ila humimina kutoka kwenye kidumu kwa kukadiria kwa jicho, kama alivyofundishwa kwao. Nilipompa kijiko cha kupimia alinyamaza, na jioni mchicha ukaja mezani umeshikana na sufuria. Shemeji alionja, akaaga, akaenda kwenye kibanda cha chipsi pale kona. Mume wangu naye akasema anamfuata akamwite. Wakarudi pamoja usiku, wamekula zege, yaani chipsi mayai, na mashati yote mawili yananukia mafuta ya karai. Binti aliona uchungu kwamba chakula chake kimeachwa. Ilibidi tukae naye jikoni tujifunze upya: kitunguu na nyanya vikaangwe kwa kijiko kimoja, maji kidogo yaongezwe, sufuria ifunikwe, mboga iive kwa mvuke wake. Mboga ikawa tamu, na kidumu kikaanza kudumu.

Kisha yakaja mazoezi. Mume wangu alinunua raba na bukta, akatoka saa kumi na moja alfajiri kukimbia peke yake kuelekea Uwanja wa Mkapa. Mtaani kwetu mwanamume anayekimbia gizani, simu mkononi, anahema, ana maana moja tu. Mtu akapiga kelele za mwizi, na vijana wa ulinzi shirikishi wakamzuia karibu na kituo cha daladala. Simu ilipoita nikasikia sauti ngeni: "Mama, huyu mzee ni wa kwako?" Nilikwenda na kanga zangu mbili na mjumbe wa shina nikamchukua. Alikuwa hajaguswa, namshukuru Mungu, maana kelele kama hizo zimewahi kuua watu wasio na hatia.

Mjumbe ndiye aliyempeleka kwenye kikundi cha jogging cha mtaa. Vikundi hivi ni hazina ya Dar es Salaam. Watu wa rika zote hukimbia pamoja kwa nyimbo na fulana za rangi moja, na hakuna anayeonekana kituko. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima. Mume wangu alipenda sana, na jasho lilimtoka. Ila mbio zilipokwisha kikundi kizima kiliingia kwenye supu, chapati mbili kwa kila mtu na soda baridi. Nusu saa ya kutembea kwa haraka huunguza kalori 150 hadi 200 hivi kwa mtu wa uzito wake, na chapati moja yenye mafuta inaweza kuzidi hapo. Chupa ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwa 25 ni bora zaidi. Mizani haikusogea.

Iliposogea kidogo, ndipo mama mkwe akaja kutoka Pangani na kapu la nazi na vitumbua. Aliona kola ya mwanawe imelegea. Kwetu mtu akipungua, watu huhofia maradhi, au ukata, au mke asiyepika, na yote matatu ni aibu. Hakuniuliza kitu. Jumapili alasiri nikaona kaka mkubwa kafika kutoka Mbagala, wifi kafika kutoka Kigamboni, mkeka umetandikwa ukumbini, na mama mkwe kakaa katikati.

"Mkwe wangu," akasema, "mwanangu anaumwa nini mnachonificha?"

Mume wangu aliitoa ile karatasi mfukoni. Kaka mkubwa akaisoma kwa sauti: kilo, urefu, presha. Aliposema presha, mama mkwe alifunika uso kwa upande wa kanga. Baba yao aliondoka kwa kiharusi, na presha ya juu ndicho chanzo kikubwa cha kiharusi.

"Baba yenu naye alipewa karatasi," alisema. "Tuliikuta kwenye koti lake siku ya tatu ya msiba."

Hakuna aliyesema neno. Kisha akaomba upawa. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Leo napakua mimi."

Tangu siku ile nyumba ilibadilika, kwa kuwa ilikuwa imekubaliana. Sinia tumeliweka kwa sikukuu, kila mtu ana sahani yake: nusu mboga za majani na matunda, robo ugali au wali, robo samaki, dagaa, maharage au choroko. Wali wa nazi tunaula Ijumaa, nazi moja badala ya mbili. Asubuhi maandazi yameipisha mihogo ya kuchemsha. Sukari ya chai ni kijiko kimoja, na chumvi inapimwa, maana kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Jogging inaendelea Jumamosi, na kikundi kimekubali matunda yawepo pembeni ya supu. Jioni nyingine mume wangu hushuka daladala mapema akatembea nusu saa. Ukifanya hivyo siku tano umetimiza dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Shemeji na watoto humfuata hadi kituoni kumpokea.

Mizani ya kliniki sasa inasoma kilo 92, na presha 138 kwa 86. Dawa hajaacha, na hataacha mpaka daktari aseme.

Ndugu msomaji, kama una karatasi ya namna hii mfukoni, itoe leo. Msomee anayepika, anayepakua, mama mzazi na watoto. Usianze na gunia wala mbio za gizani. Anza na kikao kimoja cha nyumbani, kijiko cha kupimia mafuta na nusu saa ya kutembea. Na wewe unayeshika upawa, mwenzako akiambiwa apungue, jua na wewe umeambiwa. Uzito wa mtu mmoja hupunguzwa na nyumba nzima.