Nyundo, Siki na Ukuta wa Mwenye Nyumba

Matengenezo ya nyumbani, kwa mpangaji wa Brussels, huanza siku anapotajiwa bei ya fundi. Dar es Salaam au Bukavu bomba likivuja mtu hutoka nje, akamwita kijana aliyekaa kibarazani na mfuko wake wa spana, wakapatana, wakavutana kidogo, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Brussels fundi hupigiwa simu, hutoa miadi ya wiki ijayo, na huanza kuhesabu pesa tangu anapowasha gari, nati yenyewe hajaiona. Serikali imepunguza kodi ya ongezeko la thamani kwa ukarabati wa nyumba zilizopita miaka 10, kutoka asilimia 21 hadi 6, lakini nafuu hiyo bado haijamfanya mtu atabasamu anapofungua ankara. Njia ya pili ni kuuliza Matongé, mtaa wa Ixelles ulio karibu na Porte de Namur, ambako kinyozi au muuza pondu daima anamjua ndugu mmoja. Ndugu hufika, huchungulia chini ya sinki, husema “Iko kazi kidogo tu, papa,” na kuanzia hapo kazi huwa kubwa. Njia ya tatu ni kushika bisibisi mwenyewe.

Kabla ya kuishika, inafaa kujua kitu kinachoharibika ni cha nani. Sheria ya upangaji ya Brussels, inayotumika tangu 2018, ina orodha inayogawa kazi: paa, mabomba yaliyomo ukutani na mtambo wa joto uliochoka kwa uzee ni mzigo wa mwenye nyumba, utunzaji mdogo wa kila siku ni wa mpangaji. Ugomvi mwingi hutokea kwenye kundi la tatu ambalo watunga orodha hawakulifikiria, yaani vitu vilivyokuwa vidogo kabla mpangaji hajavigusa.

Vifaa vya kuanzia havijazi hata boksi la viatu. Nyundo moja, bisibisi ya bapa na ya nyota, plaisi, spana malaya, tepu ya kupimia, pima maji, tochi na ndoo. Ndoo ndiyo muhimu kuliko vyote na ndiyo husahauliwa. Vifaa vya mkono hupatikana kwa bei ya kahawa Place du Jeu de Balle, mtaa wa Marolles, kwenye soko la mitumba lililopo hapo tangu 1873. Hapo bidhaa hutandazwa chini juu ya mawe, na mwenye subira huokota koleo la babu wa mtu ambalo litawazika wajukuu wake pia. Drili ya umeme ni habari nyingine. Muuzaji huapa kwamba inafanya kazi, na uwanja mzima hauna soketi ya kumuumbua. Kwa kuwa drili ya nyumbani huzunguka dakika chache kwa mwaka na kukaa chini ya kitanda siku zote zilizobaki, ni busara kuiazima. Tournevie, maktaba ya vifaa iliyoanzishwa Brussels mwaka 2015, huwaazima wanachama wake drili, misumeno na mashine za msasa kama maktaba nyingine zinavyoazima vitabu. Aina nyingine ya msaada ni Repair Café, wazo lililoanzia Amsterdam mwaka 2009: mtu huleta redio au pasi iliyokufa, hukaa na fundi wa kujitolea, wakaifungua pamoja. Mara nyingi ugonjwa ni fyuzi au waya uliokatika. Mara nyingine ni mende aliyekauka, na hapo mwenye pasi hujifanya hamfahamu.

Ukuta unastahili maelezo marefu, kwa sababu ndiko aibu nyingi huanzia. Nyumba nyingi za zamani za Brussels ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20: nyembamba, uso wa mita sita hivi, vyumba vitatu vinafuatana kutoka barabarani hadi bustanini, dari juu sana. Kuta kuu ni za tofali jekundu laini chini ya plasta nene. Kuta za kugawa vyumba, pamoja na dari, mara nyingi ni plasta iliyopakwa juu ya fito nyembamba za mbao. Mtu aliyezoea tofali la saruji la Mbagala huutazama ukuta huu kwa dharau, huweka drili kwenye mpigo wa nyundo, na husukuma kwa kifua. Biti huingia bila upinzani wowote, na plasta ya ukubwa wa sinia hushuka nayo. Wengine hupata bahati mbaya zaidi: kishikilio cha televisheni hukaa vizuri wiki nzima, kisha hung’oka jioni ya Simba na Yanga, wageni wakiwa wameshakaa.

Utaratibu unaofaa ni wa polepole. Ukuta hugongwa kwanza kwa kifundo cha kidole: sauti nzito ni tofali, sauti ya debe tupu ni fito. Soketi na swichi huangaliwa zilipo, kwa maana nyaya aghalabu hupanda au kushuka wima kutoka hapo, na mabomba hufanya vivyo hivyo juu ya koki. Mistari hiyo miwili haitobolewi. Kipande cha utepe wa karatasi hubandikwa mahali pa tundu ili plasta isichanike. Chini yake hubandikwa bahasha iliyofunguliwa mdomo, ipokee vumbi jekundu ambalo vinginevyo litaonekana kwenye wali mpaka mwezi ujao. Drili huanza bila mpigo, kwa mwendo mdogo. Fisha, yaani kishikio cha plastiki cha skrubu, ikizunguka tundu likiwa limepanuka, kijiti cha mbao huchomekwa pembeni yake na kukatwa sawasawa na ukuta. Skrubu ikiingia, hubana. Kwenye ukuta wa fito hutumika fisha zinazofunguka mbawa kwa nyuma, na televisheni hubaki mezani.

Umeme wa Brussels una siri ambayo fundi wa Tanga au Kisumu hawezi kuibuni. Kwao waya mmoja una moto na wa pili ni nyutro. Testa huwaka upande mmoja tu. Katika mitaa mingi ya zamani ya Brussels mtandao ni wa volti 230 kati ya waya tatu, na nyutro haipo kabisa. Testa huwaka kwenye waya wa kwanza, huwaka kwenye wa pili, na mwenye testa huenda kununua nyingine akidhani hiyo mbovu. Mpya nayo huwaka pande zote. Jambo la hatari ni kwamba swichi ya ukutani, ikiwa inakata waya mmoja tu, huizima taa lakini huuacha waya wa pili ukiwa na moto. Aliyepanda ngazi kubadilisha kishikilio cha balbu kwa kuamini swichi hushuka haraka kuliko alivyopanda. Kwa hiyo umeme hukatwa kwenye bodi kuu, kwa swichi inayokata waya zote mbili, na testa hupitishwa tena kabla ya kugusa chochote. Sibelga, kampuni inayosambaza umeme na gesi mjini, hubadilisha mitaa kwenda volti 400 hatua kwa hatua, na anayetaka kujua nyumba yake iko upande gani huangalia maandishi ya mita. Kazi ya mpangaji kwenye umeme inaishia kwenye balbu na plagi ya taa ya mezani. Plagi zenyewe nazo zina ukabila wao: pasi ya Bujumbura huingia soketi ya Ubelgiji bila maneno, ya Mwanza yenye meno matatu bapa hugoma.

Maji ya Brussels, yanayosambazwa na Vivaqua, hutoka kwenye mto Meuse na kwenye visima vya Wallonia, na yamebeba chokaa tele. Birika huota magamba, na kichwa cha bafu hubaki na matundu manne yanayorusha maji machoni tu. Dawa ni siki nyeupe: humiminwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko hufungwa kwenye kichwa cha bafu kwa raba, hulala hivyo usiku mmoja. Asubuhi bafu hufanya kazi na nyumba nzima inanuka kachumbari. Siki kamwe haichanganywi na dawa ya kuondoa madoa yenye klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Koki inayodondoka huhitaji washa mpya ya senti chache, na koki kuu iliyofungwa. Hapa ndipo kasheshe. Koki kuu, iliyoko kwenye chumba cha chini ya ardhi karibu na mita, huenda haijaguswa tangu mpangaji wa tatu aliyetangulia. Chokaa imeikamata, na anayeilazimisha kwa spana hubaki na mshikio mkononi. Hufunguliwa kwa kuyumbishwa kidogo huku na huko, na baadaye huzungushwa kila baada ya miezi michache ili isisahau kazi. Sinki lililoziba ni rahisi zaidi: ndoo huwekwa chini, bomba la kupinda hufunguliwa kwa mkono, uchafu hutolewa, bomba hurudishwa. Kosa la kawaida, ambalo hata watu wenye shahada hulifanya, ni kumwaga ndoo hiyo kwenye sinki lilelile huku bomba likiwa bado sakafuni.

Radieta iliyo moto chini na baridi juu imeingiwa na hewa. Kifunguo kidogo huingizwa kwenye skrubu ya pembeni na kuzungushwa nusu tu, kitambaa kikiwa chini. Hewa hufoka, kisha maji hutoka, skrubu hufungwa. Nusu hiyo ina maana yake. Anayeitoa skrubu yote huoga maji meusi yaliyokaa humo miaka, na mandhari yake hubaki kwenye ukuta mweupe. Baadaye mgandamizo kwenye mtambo huangaliwa. Katika nyumba nyingi unatakiwa uwe bar 1 hadi 2. Mtambo wenyewe hauguswi. Wa gesi hukaguliwa na fundi mwenye cheti kila miaka 2, wa mafuta kila mwaka, na gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, haimpi mtu nafasi ya kujifunza kwa makosa.

Mlango hautajwi kwenye vitabu vya matengenezo, ingawa umewagharimu watu wengi kuliko mabomba. Milango mingi ya fleti za Brussels haina mshikio wa kuzungusha kwa nje. Mtu hutoka na kanga na kandambili kupeleka mfuko wa taka, upepo huusukuma mlango, na ufunguo umebaki juu ya friji. Fundi wa kufuli wa Jumapili ana bei yake. Ufunguo wa akiba hukaa kwa jirani, na ule wa ndani hauachwi kwenye kitasa, kwani kwenye vitasa vingi huuzuia wa akiba kuingia.

Kelele zina saa zake. Mashine za bustani zenye injini zimekatazwa Jumapili na sikukuu, na siku nyingine kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi. Drili nayo ifuate saa hizohizo, kwa maana jirani wa ghorofa ya chini hana haja ya kusoma sheria ili akasirike. Vifusi vya plasta haviingii kwenye mfuko mweupe wa taka za kawaida. Hupelekwa Recypark, kituo cha kupokea taka.

Kazi ya mwisho hufanywa wiki ya kuhama. Hati ya hali ya nyumba, état des lieux, iliandikwa wakati wa kuingia, tundu kwa tundu, na sasa mtaalamu anarudi na nakala yake kuhesabu. Kila tundu husafishwa, hujazwa plasta ya kuchanganya na maji, huachwa likauke, husuguliwa kwa msasa laini. Kisha rangi. Nyeupe iliyonunuliwa leo haitafanana na nyeupe ya miaka sita iliyopita, na mabaka mapya huonekana zaidi ya matundu yenyewe. Kwa hiyo ukuta wote hupakwa, pembe hadi pembe, hata kama tundu lilikuwa moja.