Mwongozo kwa Bosi wa Thieta Anayetaka Kuletewa Habari Mbaya

Kupata thieta ya upasuaji ambayo daftari lake halina kosa hata moja ni kazi rahisi: foka kwenye vikao viwili vya asubuhi, basi. Mwongozo huu ni wa bosi anayetaka jambo gumu zaidi, kuambiwa ukweli.

1. Acha "nani kafanya?" Uliza "ilikuwaje?" Dar es Salaam, mwaka 2007, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti, majina yao ya kwanza yalifanana. Nairobi, mwaka 2018, mgonjwa alifunguliwa fuvu kutafutwa damu iliyoganda, kumbe mwenye damu hiyo ni mwingine. Kote wahudumu walisimamishwa kazi. Lakini barua ya kusimamishwa haihakiki utambulisho wa mgonjwa anayefuata.

2. Itoe fomu ya kuripoti makosa kwenye droo yako. Iwe ukurasa mmoja, isiyodai jina la mwandishi wala la mkosaji. Na isipokelewe na mwenye kuadhibu: tangu 1976, marubani wa Marekani hupeleka taarifa za makosa yao NASA, si kwa mamlaka inayowapa leseni.

3. Shukuru hadharani. Sista akisema, "Dokta, shashi moja haionekani," jibu: "Ahsante sista, tuhesabu tena," na sindano ya kushonea isubiri. Shashi ikikutwa chini ya meza, usiifute ile ahsante.

4. Semeni majina. Orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, ya mwaka 2008, ina vipengele 19. Kimoja kinamtaka kila aliyemo thieta ataje jina na kazi yake. Hospitali nane zilipoijaribu orodha hiyo, ya Ifakara ikiwemo, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Aliyekwisha kusikika mara moja haoni tabu kusema tena.

5. Tenga kosa na ukaidi. Anayeingia thieta amelewa, au anayebadili faili usiku, huyo apelekwe kwenye nidhamu. Aliyepewa chupa mbili za dawa zenye lebo pacha akakosea, badilisheni lebo.

6. Rudisha majibu. Bandika ukutani kilichotokea na kilichorekebishwa. Taarifa isiyojibiwa huwa ya mwisho.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na hapa wanaolia ni ndugu wa mgonjwa waliokaa benchi la nje. Basi kesho, bosi, kikao kianze na kosa lako mwenyewe. Wadogo hawatasema kabla mkubwa hajasema.