Tope, Rezo na Wengineo

Huku Lulimba, Fizi, tuna bahati ya barabara mbaya. Nasema bahati kwa sababu barabara ya kitaifa namba 5 hutubebea dhambi zetu zote. Hujalipa deni? Pesa ziko njiani, zimekwama kwenye tope. Umekosa matanga ya shemeji yako? Tope. Hata kiangazi, vumbi likiwa limefunika majani ya mihogo, mtu atakuapia kwamba tope lilimzuia, nawe utampa pole. Siku barabara hii ikitengenezwa, wengi tutaumbuka.

Tope likichoka, rezo ya simu hushika zamu. Majuzi motari mmoja wa pikipiki aliniacha nikimsubiri tangu alfajiri, akaja saa sita kunieleza kwamba simu hazishiki. Kabla hajamaliza, simu yake ikalia mfukoni. Akaitazama kama mtu aliyemwona marehemu akirudi kudai chakula.

Ufundi huu wa visingizio una wazee wake. Mwaka 1965 Che Guevara alikuja huku Fizi kuwasaidia waasi wa Simba. Wapiganaji walipoambiwa wabebe mizigo, walijibu kwamba wao si magari. Wacuba aliokuja nao Che walipoibeba, jibu likageuka: wao si Wacuba. Mtu wa namna hiyo utamshinda wapi? Lambert, kamanda wa upande wa Lulimba, alimhakikishia Che kwamba ndege za adui si kitu, dawa ya mganga ipo. Dawa ilizuia risasi, ila kwa masharti: usiguse mwanamke, usichukue kisicho chako, usiogope. Risasi ikikupata, umevunja sharti. Hilo la woga ndilo ninalolivulia kofia, maana nani atatazama mtutu wa bunduki kisha aape hakutetemeka? Mganga hakushindwa hata mara moja. Walioshindwa ni marehemu.

Fundi wangu wa cherehani lazima ana damu ya mganga yule. Suruali niliyoagiza kwa ajili ya arusi ya mpwa wangu niliipata arusi imekwisha pita, na ikagoma mapajani. Nikangoja nisikie habari za tope. Wapi! Fundi alinizunguka na futi yake, akanipima kiuno upya, akasoma namba, akamwita mkewe naye asome.

“Papa,” akasema kwa huruma, “suruali haina kosa. Ni ile nyama uliyokula arusini.”

Kisha akanitajia bei ya kuipanua.