Dhahabu ya Kale au Tembo wa Mikumi? Orodha ya Kugombania

Mko Kilosa, wikendi imefika, na mjuaji mmoja kijiweni anadai wenzetu wamegeuza migodi ya dhahabu kuwa hifadhi na watu wanalipa kiingilio. Haya, tupange basi. Malalamiko yatapokelewa stendi ya Mikumi.

5. Gold Reef City, Johannesburg
Shimo namba 14 la Crown Mines, siku hizi limezungukwa na mabembea ya kupindua watu kichwa chini. Mchimbaji alishuka kutafuta dhahabu. Mtalii anapandishwa kutafuta kutapika.

4. Empire Mine, California
Walichimba kuanzia 1850 hadi 1956, wakaacha mahandaki ya kilomita 590 hivi: Dar mpaka Iringa na chenji inabaki. Ila yamejaa maji. Unachungulia mdomoni tu, kisha unaoneshwa maua ya waridi ya bosi. Nyie wa Kilosa mnaopenya mahandaki ya SGR kwenye kiyoyozi, hapa mtadai nauli yenu.

3. Chunya
Dhahabu ya Lupa ilivuta watu tangu miaka ya 1920, na bado inavuta. Utamwekaje makumbusho mtu ambaye hajatoka kazini?

2. Sekenke, Iramba
Hapa nina upendeleo, nakiri. Mwaka 1916 Mjerumani amebanwa na vita, fedha haziingii, akachukua dhahabu ya Sekenke akaipeleka Tabora kwenye karakana ya reli, reli hii hii inayopita Kilosa. Mafundi wa treni wakafyatua sarafu zaidi ya 16,000 za rupia 15, kila moja na tembo wake kainua mkonga mbele ya mlima. Septemba Wabelgiji wakauchukua mji. Sarafu leo zinagombaniwa na matajiri wa Ulaya. Sekenke inagombaniwa na nani?

1. Mikumi
Hifadhi tangu 1964, kilomita za mraba 3,230, na barabara ya Zambia imepita katikati. Kwa nauli ya basi tu unaona twiga, nyati, na abiria wote wakihamia dirisha moja, mama mmoja kakulalia begani na simu juu, anapiga picha ya kiwiko chako. Mtasema hakuna dhahabu. Tembo wa Tabora alikuwa rupia 15; mgonge wa Mikumi uone bei ya leo.