Sifa za Kichinjio

Wengine husifu jahazi, wengine fahali, wengine mke wa jirani. Mimi wa Sale, tarafa ambayo ukiiteremka kuelekea mashariki unaangukia Ziwa Natron, nimebaki na kitu kimoja cha kusifia: kadi ya plastiki iliyopinda kona, yenye picha ya mtu anayefanana na mimi kama ningekamatwa usiku na kuku asiye wangu. Hiyo ni kadi yangu ya mpiga kura. Serikali inaiita hivyo. Sisi wengine tunaiita kichinjio.

Jina lenyewe limebeba ukoo. Wakubwa zetu waliita shahada, na msimu wa kampeni ukifika ungesikia minong'ono kuwa fulani anapita usiku akinunua shahada, kama mtu anayetafuta digrii bila kusoma. Vijana wakaona shahada haina makali, wakaibatiza upya. Kichinjio! Maana yake siku ikifika utakishika mkononi, na mgombea aliyekula ahadi zake atapelekwa machinjioni. Damu yake sijaiona bado. Lakini hakuna mgombea niliyemwona akikidharau mbele ya watu, na hiyo tayari ni heshima ambayo kisu changu cha jikoni hakijaipata.

Anayesifiwa hutajwa na mababu zake. Mababu wa kichinjio walikuwa wachoyo. Uchaguzi wa 1958 na 1959, Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza, ulimpima mtu kwanza: ana kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu inayotosha, au cheo kinachotambulika? Akishapita hapo, alilazimika kuchagua watu watatu kwa mkupuo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ndiyo ile kura tatu iliyowatoa jasho TANU kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, mpaka Mwalimu Nyerere akawashawishi waikubali shingo upande. Kwa kipimo cha pauni 150, nadhani Sale nzima ingepeleka kituoni mtu mmoja na nusu. Baadaye, kuanzia 1965, ikaja zamu ya chama kimoja: wagombea ubunge wawili wa chama kilekile waligawana alama, huyu jembe, yule nyumba, na asiyejua kusoma akachagua kati ya kulima na kulala. Kichinjio chetu kilitungwa mimba 2004 lilipoanzishwa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kikavaa ngozi mpya Februari 2015, mashine za kuandikisha kwa alama za vidole, BVR, zilipoanza kazi Makambako, mkoani Njombe.

Ubabe wake ulionekana kikiwa bado kichanga. Katiba Inayopendekezwa ilikuwa ipigiwe kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015. Bunge Maalumu limeshamaliza kazi yake, vitabu vimeshachapwa, watu wameshagombana vya kutosha. Lakini uandikishaji ulikuwa unakokota miguu, mashine zikihama mkoa hadi mkoa, na Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza kuiahirisha kura. Iliahirishwa, ikaahirika kweli. Nitajie kadi nyingine, ya benki au ya kliniki, iliyowahi kuizuia katiba nzima njiani.

Namna ya kukipata ni nyepesi kama ugali kwenye hadithi. Uwe raia. Uwe umetimiza miaka 18, au utaitimiza ifikapo siku ya uchaguzi. Uende kwa miguu yako, maana hakuna wa kukuandikishia, kwenye kituo cha mahali unapoishi. Mwandishi msaidizi anajaza fomu, mwendesha mashine anakupiga picha, anachukua alama za vidole na saini, na kadi inatoka palepale ikiwa bado ya moto. Hulipi kitu. Kama umehama, unakwenda kituo cha kwako kipya kuhamisha taarifa. Kama kimepotea au kimechakaa, unaomba kingine. Kama unacho cha 2015 na hakuna kilichobadilika, unakaa nyumbani, maana bado kinafanya kazi. Desemba 2024 mashine zilipofika mkoa wa Arusha zilikaa siku 7, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.

Sasa njoo kituoni. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja, jirani yetu, aliyekuja kuchukua kadi mpya baada ya ile ya zamani kuliwa na mchwa. Mwendesha mashine, kijana wa mjini, akamwamkia vizuri na kumwelekeza aweke kidole kwenye kioo. Mashine ikakataa. Kidole kingine, ikakataa. Kijana akamfuta kwa kitambaa, akampaka maji kidogo, akambonyezea mwenyewe.

"Bibi, jaribu tena. Mashine haioni alama."

"Mjukuu wangu, alama zangu ziko shambani. Miaka hamsini nalima. Nenda nayo huko mashine yako, itaziona zote."

Watu wakacheka, kijana naye akacheka, na kwenye jaribio la saba au la nane, dole gumba la kushoto likakubali. Bibi akaikagua picha yake kwa muda mrefu, akauliza huyu mzee ni nani. Hiyo ndiyo adabu ya kwanza ya kichinjio: hakimpendelei mtu. Tajiri na maskini, wote kinawatoa kama watuhumiwa.

Watu wa mjini hulalamikia foleni. Sisi wa Sale foleni haitutishi. Tumesoma kwenye chuo chake kikuu. Mwaka 2011, kijijini Samunge, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana dunia nzima kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipangana kilomita kwa kilomita, watu wakilala njiani siku kadhaa, mawaziri na makuli kwenye vumbi moja. Sharti lilikuwa mtu mmoja kikombe kimoja. Mtu mmoja kura moja tuliianzia pale. Ila kikombe cha Babu hakikukuuliza jina wala umetoka wapi. Unakunywa, unaondoka, anakuja mwingine. Kichinjio kinataka kujua unalala wapi. Shikilia hilo, nitalirudia.

Basi tuje kwenye matendo yake makuu. Mgeni atadhani kazi yake ni kupiga kura. Kura ni kazi yake ya mara moja kwa miaka mitano, kama sherehe. Miaka iliyobaki kichinjio kinafanya vibarua. Ndicho kilichonisajilia laini ya simu ya kwanza, kabla ya mambo ya alama za vidole. Ndicho kilichofungua akaunti ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kilimdhamini binamu yangu kituo cha polisi alipogombana na mtu kwa ajili ya mbwa. Kilikaa rehani kwa muuza duka Karatu wiki mbili kwa sababu ya mfuko wa mbegu, na nilipokwenda kukikomboa nikakikuta kwenye droo pamoja na wenzake kumi na kitu, wamelala kifudifudi kama wanafunzi wa bweni. Ukiuliza chombo gani cha dola kimemfikia mwananchi wa chini kwa ukaribu kuliko vyote, jibu liko kwenye droo ile.

Wivu ukaja. Kitambulisho cha Taifa kiliingia mjini kwa mbwembwe, na wengi wetu tukapewa namba kwanza, kadi yenyewe tukaambiwa tusubiri; kwa hiyo kwa muda mrefu tulikuwa na utambulisho wa kukariri kichwani. Laini za simu zikahamia huko kuanzia 2019. Kichinjio hakikununa. Hata heshima yake ya mwisho imemegwa: siku hizi, kama jina lako limo kwenye Daftari na kadi imepotea, Tume inakuruhusu kupiga kura kwa pasi ya kusafiria, leseni ya udereva au hicho kitambulisho cha Taifa. Yaani kila mahali watu walikudai kichinjio, isipokuwa machinjioni. Unyenyekevu wa namna hiyo hata kwa watawa ni wa nadra.

Na usidhani kinatumika kwa kila uchaguzi. Oktoba 2024, kuanzia tarehe 11 hadi 20, tuliitwa kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba. Nikaenda na kichinjio mfukoni, kifua mbele. Mwandikishaji akanitazama kwa huruma. Hii ni orodha, akasema, siyo Daftari. Daftari ni la Tume, la kumchagua Rais, mbunge na diwani. Orodha ni ya TAMISEMI, ya kumchagua mwenyekiti wa kitongoji na wa kijiji. Nikaandika jina langu kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, na kichinjio kikarudi mfukoni kimya. Miezi miwili baadaye mashine za Tume zikaja na tukaitwa tena. Mtu aliyeitwa kituoni mara mbili ndani ya miezi mitatu kwa ajili ya kura mbili tofauti amehitimu subira, na mwalimu wake ni huyohuyo.

Wapinzani wangu wako tayari. Watasema: wewe unasifu kitu butu. Kisu gani hiki kinachonolewa kila baada ya miaka mitano na mbuzi anatoka mzima? Kuna chaguzi ambamo jina la mgombea mmoja tu ndilo lililofika kwenye karatasi. Na ile siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa na watu wakapoteza maisha, hapo nami naweka kalamu chini. Mizaha ina mipaka yake na wafu hawasifiwi kwa kejeli. Hoja yao naikubali. Sitasema kichinjio kinachinja.

Nitasema kinachofanya, na hapa narudi kwenye lile swali la unalala wapi. Huku kwetu, kwa Watemi, maji ya mifereji hugawiwa kwa zamu, na hakuna kadi. Wazee wanajua nani ni mtoto wa nani, shamba lake liko wapi, zamu yake ni usiku gani. Anayekujua hahitaji kadi yako. Kadi ni kwa ajili ya asiyekujua, na asiyekujua ndiye mwenye muhuri.

Majirani zetu wa tarafa ya Ngorongoro walilijua hilo Agosti 2024. Tangazo la Serikali namba 673, la tarehe 2 mwezi huo, liliviondoa kwenye orodha vijiji 25 vyenye vitongoji 96, katika kata 11. Endulen, Nainokanoka na wenzao, mahali penye shule, makaburi na zizi la ng'ombe, pakawa hapapo kwa karatasi. Wananchi wakalalamika kwamba hata vituo vyao vya kupigia kura vimeondolewa, na ukitaka kuandikwa ukaandikwe Msomera, Handeni, mkoa mwingine kabisa. Kuanzia tarehe 18 Agosti Wamaasai kwa maelfu wakasimama barabarani, ile barabara ya watalii iendayo Serengeti, wazee na wanawake na mashuka mekundu. Pamoja na mengine waliyodai, walidai kituo cha kupigia kura. Tarehe 22 Mahakama Kuu, Arusha, ikasimamisha tangazo lile. Kesho yake Waziri William Lukuvi akaja kuwaambia kwamba vijiji vyao vipo.

Nilipozisikia habari hizo nilitoa kichinjio changu nikakitazama upya. Nilikuwa nimezoea kuona picha ile mbaya na namba ndefu inayoanza na T. Sikuwa nimewahi kutilia maanani mstari wa kituo. Watu walikuwa wamekaa juani siku kadhaa kwa ajili ya mstari ule. Mgombea wao huenda asishinde, na akishinda huenda asirudi. Lakini kituo kikiwepo, kijiji kipo, na kijiji kikiwepo, mtu hawezi kuulizwa anafanya nini pale.

Bibi yule wa alama za shambani tulirudi naye pamoja siku ile ya Desemba, tukishuka taratibu kwa sababu ya magoti yake. Njiani akanisimamisha, akafungua pindo la khanga, akanipa kadi nimsomee. Nikamsomea jina lake. Akatikisa kichwa, hilo analijua. Nikamsomea tarehe ya kuzaliwa, akacheka, maana waliibuni wenyewe. Nikamsomea kituo: ni jina la kijiji chetu.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Akaichukua, akaifunga pindoni mafundo mawili, tukaendelea kushuka.